Basi limefika mlangoni, mtoto anafikaje kwenye basi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwezi wa kwanza hapa Minneapolis, Marekani, bado ni usiku, jua lenyewe linachomoza karibu saa mbili, na basi letu dogo la njano limesimama mbele ya fleti moja, taa zinawaka, lifti ya kupandishia viti mwendo nshaishusha, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Namuona mama mmoja wa Kikongo anatoka na mwanae mgongoni. Mtoto ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo, mzito kwelikweli, miguu inakaribia kuburuza chini. Kiti mwendo anakileta kaka mtu, anakivuta kinyumenyume juu ya barafu. Toka mlangoni hadi kwenye basi ni hatua kama ishirini tu, ila gari la kuondoa theluji lilishapita alfajiri likaacha tuta la theluji iliyoganda pembeni ya barabara, palepale kiti kinapotakiwa kupita. Yule mama akalipanda lile tuta. Mguu ukateleza, akapiga goti chini, ila hakumwachia mtoto.

Nikamkimbilia, nikamwambia pole sana mama, umeumia? Akanijibu, "Hapana dada, nilizoea. Kule Nyarugusu nilikuwa namubeba mupaka ku hospitali."

Nyarugusu ni ile kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Hilo neno "nilizoea" halijanitoka mpaka leo.

Mi ni msaidizi kwenye basi la wanafunzi wenye ulemavu, huu mwaka wa sita, na kitu ninachotaka kusema leo nimekibeba moyoni muda mrefu. Watu wakiongelea usalama wa basi la shule wakati wa baridi wanaongelea dereva, matairi, barabara kuteleza. Sawa, hayo yapo. Ila kwa watoto wetu hawa hatari kubwa niliyoiona kwa macho yangu haipo barabarani, ipo kwenye zile hatua ishirini kati ya mlango wa nyumba na lifti, na kwenye zile dakika mtoto anazosubiri nje. Na hapo hapo ndipo wazazi wetu wa Kiafrika wananyamaza, manake wanaona wameshasaidiwa sana, basi linakuja mpaka nyumbani bure, sasa utaanzaje kulalamika tena?

Jamani, sio msaada ule. Ni sheria. Kuna sheria aliyoisaini rais Gerald Ford mwaka 1975, toka 1990 inaitwa IDEA, inasema kila mtoto mwenye ulemavu ana haki ya elimu ya bure inayomfaa, na usafiri umo ndani ya huduma anazotakiwa kupewa kama anauhitaji ili afaidike na hiyo elimu. Na usafiri kwa mujibu wa sheria sio basi peke yake, ni kwenda na kurudi shule, ni kuzunguka ndani ya majengo ya shule, ni vifaa kama lifti na rampu na mabasi yaliyorekebishwa. Yote yanaandikwa kwenye ule mpango wa elimu wa mtoto mwenyewe ambao huku kila mtu anauita IEP, ambao lazima upitiwe angalau mara moja kwa mwaka na mzazi anaweza kuomba kikao muda wowote, sio mpaka aitwe. Na kama Kiingereza chako hakitoshi shule inatakiwa ihakikishe umeelewa kinachoongelewa, ikiwemo kukuletea mkalimani. Usiende na mtoto wako mkubwa akutafsirie, utaona aibu kusema mengine mbele yake na yeye ataona aibu kuyatafsiri.

Sasa nenda kachukue hiyo karatasi ya mwanao uisome sehemu ya usafiri. Nyingi nilizoonyeshwa na wazazi zina kamstari kamoja tu, kwamba mtoto atatumia basi lenye lifti. Basi. Kama vile huku hakuna miezi mitano ya theluji! Haisemi basi litasimama wapi theluji ikijaa, haisemi mtoto asubiri ndani mpaka basi lifike, haisemi nani anapigiwa simu basi likichelewa wala mtoto anakabidhiwa kwa nani akirudi akakuta mlango umefungwa na nje ni nyuzi -20. Mi naamini baridi inatakiwa iandikwe mle ndani kwa jina lake, kama wanavyoandika dawa ya kifafa na saa ya kumpa.

Manake baridi haiwapigi watoto wote sawa. Huku tunafundishwa kwamba kukiwa na nyuzi -18 za Selsiasi na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili unapoteza joto kama vile ni -28, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Hiyo ni siku ya kawaida kabisa ya Januari, shule hazifungwi. Mtoto mwingine anarukaruka, anasugua mikono, anakimbilia ndani. Mtoto aliyekaa kwenye kiti mwendo misuli yake haifanyi kazi ya kumpasha joto, na mwenye mgongo wazi mara nyingi hahisi miguu yake kabisa, kiatu kinaweza kulowa, soksi ikalowa, vidole vikaanza kufa ganzi na kubadilika rangi na yeye anacheka tu na wenzake kwa sababu hakuna maumivu ya kumwambia kuna shida. Nilishawahi kumvua binti mmoja kiatu kwenye basi nikakuta soksi imejaa maji ya theluji na mguu baridi kama samaki wa kwenye barafu. Hakuwa analia. Toka siku hiyo kila nikipandisha mtoto ambaye najua hahisi miguu nagusa kwanza kiatu chake, na natamani kila msaidizi afundishwe hivyo kabla ya kufundishwa kujaza fomu.

Watoto wenye usonji nao wana yao. Mmoja hawezi kabisa kuvumilia glavu, ukimvalisha anazitupa, mwingine basi likichelewa dakika 20 siku yake nzima imeshaharibika, anaweza kukimbilia barabarani kwenda kulitafuta. Huyo hawezi kusubirishwa nje eti dereva akimkuta tayari tunaokoa muda.

Alafu kuna suala la majaketi, na hapa nawaomba sana mnisikilize akina mama na akina baba, najua mnawavalisha kwa upendo. Jaketi nene lile la kuvimba halitakiwi kuwa chini ya mkanda. Ukimfunga mtoto mkanda juu ya jaketi unaona umebana, kumbe umebana hewa, likitokea la kutokea jaketi linanywea na mkanda unabaki umelegea, mtoto anachomoka. Kwa aliye kwenye kiti mwendo ndio zaidi, mkanda wa kiunoni unatakiwa ukae chini kabisa kwenye mifupa ya nyonga, sio tumboni na sio juu ya mkono wa kiti. Mvalishe nguo za kubana mwili mbili tatu, sweta la sufu, alafu jaketi tumfunike nalo mbele baada ya kufunga mikanda, au blanketi, au poncho ambayo nyuma imekatwa. Skafu ndefu acheni nyumbani, zinaingia kwenye magurudumu.

Na magurudumu yenyewe. Kiti tunakifunga sakafuni kwa mikanda minne, miwili mbele miwili nyuma, mtoto anaangalia mbele, na vile viti vilivyopimwa kwa ajali ya mwendo wa kilomita 48 kwa saa vina alama kabisa pa kufungia. Sasa ikifika Januari zile reli za sakafuni zinajaa mchanga na chumvi na barafu, kishikio hakiingii vizuri, unasikia kimeingia kumbe kimekaa juujuu. Mi natembea na brashi na bisibisi ya zamani mfukoni kwa ajili ya kuchokoa barafu, hakuna aliyenipa. Inachukua dakika nne mpaka tano kwa kila kiti ukifanya kwa uaminifu, na muda wote huo mlango wa lifti uko wazi na watoto walioshapanda wanatetemeka. Ratiba ya asubuhi iliyopangwa Septemba haina hizo dakika. Dereva anachelewa, anapigiwa kwenye redio, na hapo ndipo mtu anashawishika kuruka mkanda mmoja. Simlaumu dereva hata kidogo, nawalaumu waliopanga ratiba moja ya kiangazi na ya theluji.

Watu wananiambia mbona kukiwa na baridi kali shule zinafungwa. Ndio, zinafungwa. Januari 6, 2014 Mark Dayton, aliyekuwa gavana wa jimbo letu la Minnesota, alifunga shule za umma jimbo zima kwa ajili ya baridi, na Januari 30, 2019 hapa Minneapolis kipimo kilishuka hadi nyuzi -33, tulikaa nyumbani wote. Ila siku hizo hakuna mtoto anayeumia kwenye basi, kwa sababu hakuna basi. Siku za hatari ni zile za kawaida ambazo hakuna tangazo kwenye taarifa ya habari, nyuzi -15, theluji ya jana imekanyagwa ikawa kioo, chumvi ya barabarani nayo ikishuka chini ya nyuzi -9 hivi haiyeyushi kitu cha maana, na kila mtu anasema leo pana nafuu.

Turudi kwa yule mama. Nilimuuliza nani anatakiwa kusafisha pale mbele, akasema sijui, huwa anasafisha mume wangu akirudi shifti ya usiku, kama hajachoka. Kumbe Minneapolis fleti zinatakiwa kusafisha njia ya miguu ndani ya masaa manne ya mchana theluji ikikata, ni kazi ya mwenye jengo, mpangaji haimhusu. Yeye alikuwa hajui, na mwenye jengo alikuwa hana haraka ya kumjulisha. Nilimwambia mama, andika barua shule, kwa Kiswahili kama ni lazima, omba kikao, waambie mahali pa basi kusimama pabadilishwe. Alikuwa anasita sana. Aliniuliza kama hawataliondoa basi wakimwona ana maneno mengi.

Alienda. Kikao kilikuwa cha dakika 40, mkalimani alikuwa kwenye simu. Sasa hivi basi linaingia upande wa nyuma kwenye maegesho, kuna rampu na hakuna tuta kwa sababu gari la barabarani halipiti kule, na imeandikwa kwamba mtoto anasubiri ndani mpaka mi nipige hodi. Anatoka amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Yule mama alisukumana na lile tuta miaka miwili, na jibu lilikuwa upande wa pili wa jengo.

Kimebaki kitu kimoja kinachonikosesha usingizi. Mazoezi ya kushusha watoto basi likipata dharura tunayafanya Septemba, jua linawaka, majani makavu. Anayetumia kiti mwendo kwenye moto huwezi kusubiri lifti, unakata mkanda, unamlaza kwenye blanketi unamvuta mpaka mlangoni. Sawa, tunamvuta tunamtoa. Alafu tunamlaza wapi, kwenye theluji? Kwa dakika ngapi, na mablanketi mangapi, na yule anayetumia mashine ya kunyonya makohozi je? Nimeomba tufanye hayo mazoezi mwezi wa kwanza, nje, kwenye theluji kweli, nikajibiwa litaangaliwa. Jumatatu naenda kuuliza tena, na safari hii nimeandika.