Buti Ambazo Hazijavaliwa

Muuzaji hakunidanganya, na hilo ndilo linaloniuma. Alizigeuza buti nyayo juu pale kibandani kwake, akasema, "Bosi, hizi hazijavaliwa hata siku moja." Meno ya soli yalikuwa makali, ngozi nzito, kamba bado ngumu. Aliitisha 3,500, nikamshusha hadi 1,800, nikaondoka haraka kabla hajagundua nimemwibia.

Shemeji yangu alikuja na raba nyeusi za kitambaa, zile za shule. Nilimhurumia. Kwenye matatu kutoka Nakuru hadi Naivasha nilimhubiria habari za buti na usalama wa kifundo cha mguu mpaka akajifanya amelala.

Longonot ni mlima wa kutwa moja. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano lililo juu, ni kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo ni 7.2, kisha unateremka ulikopandia, jumla 13.4. Kilele ni mita 2,776. Huko juu hakuna kioski wala bomba, kwa hiyo kila mtu na lita zake tatu, na mwanzo ni asubuhi mapema kwa sababu kivuli ni cha kuhesabu. Kinachochosha zaidi ni udongo wenyewe: majivu ya volkano, laini kama unga, ambayo mvua imeyachimba yakawa mifereji. Unapanda hatua moja, unarudishwa nusu.

Tulikuwa kwenye mfereji wa mwisho kabla ya ukingo, mimi mbele, shemeji nyuma, aliponiuliza, "Shem, mbona unakula keki peke yako?"

"Keki gani?"

Akanionyesha. Njia nzima nyuma yangu ilikuwa na makombo ya rangi ya maziwa. Niliokota moja, likasagika vidoleni. Tukawalaani waliotangulia kwa kutupa chakula ovyo, tukaendelea.

Ukingoni upepo ulitupokea. Upande mmoja Ziwa Naivasha, upande wa pili shimo lenye msitu wake chini, ambako nyati wanaishi bila kusumbuliwa. Joseph Thomson, yule Mskoti aliyepita huku miaka ya 1880, aliandika kwamba alipochungulia humo alishikwa na hamu ya ajabu ya kujirusha. Nilikuwa namsimulia shemeji hayo niliposikia pwa! Nikapiga hatua nyingine: pwa! Soli ya kushoto ilikuwa imeachia kuanzia kisiginoni, inafunga na kufungua kama kinywa cha kiboko.

Shemeji aliangalia buti, akaangalia njia tuliyotoka. "Kumbe keki ilikuwa yako," akasema.

Kati ya ngozi na raba ya chini, buti nyingi za aina hii huwa na tabaka la sponji ya poliyurethani. Unyevu wa hewa huivunjavunja sponji hiyo polepole, na joto huharakisha kazi. Kiatu kinaweza kukaa kabatini miaka kumi kiking'aa kama cha bwana harusi, ndani kimekuwa rusk. Kwa hiyo ukiwa sokoni, usidanganywe na meno ya soli. Bonyeza ubavu wa sponji kwa kidole gumba: ikibonyea bila kurudi, au ikipasuka nyufa nyembamba, rudisha. Kisha kunja kiatu kwa nguvu mara ishirini mbele ya muuzaji. Atanuna, mwache anune.

Pale juu nilifunga soli kwa kamba ya kiatu. Haikumaliza dakika kumi. Kamba ikipita chini ya wayo, ndiyo inayokanyaga mawe badala ya raba, na mawe ya volkano hukata kama msasa. Karatasi ya nailoni ya kubebea vitu ingesaidia kidogo, ila zilipigwa marufuku mwaka 2017, na mimi ni raia mwema. Kilichofaa ni mkanda wa begi. Tuliukata, tukapitisha kipande kimoja kwenye upinde wa wayo, mahali pasipogusa ardhi, tukakipandisha na kukizungusha kifundoni kwa umbo la nane ili soli isiteleze mbele. Fundo likae juu ya kiatu. Likikaa pembeni linafunguka.

Nilikuwa bado najipongeza soli ya kulia ilipobanduka yote kwa mpigo. Ilidunda juu ya jiwe, ikasimama ukingoni kana kwamba inafikiria, kisha ikaingia kreta. Thomson alijizuia, soli yangu haikuweza.

Nilimwomba shemeji tubadilishane hata kiatu kimoja.

"Mimi navaa saba, wewe tisa," alisema kwa upole uliozidi. "Na kifundo changu je?"

Nikahamishia sakafu ya ndani ya buti ya kushoto kwenye ya kulia, zikawa mbili, nikavaa soksi zote nilizokuwa nazo. Kupanda kulivumilika. Kuteremka ndiko kulikonifundisha adabu: mguu unasukumwa mbele, changarawe inaingia, na kila jiwe nilifahamiana nalo binafsi. Watoto wa shule walinipita wakikimbia, wakasema "pole mzee" kwa pamoja, kama salamu ya darasani.

Fundi wa viatu mtaani kwetu alicheka kwanza, kisha akafanya kazi. Alikwangua sponji yote hadi mwisho, kwa sababu gundi ikipakwa juu ya sponji iliyooza hushika unga tu. Akakata soli mbili kutoka tairi, akagandisha, akashona kuzunguka kwa uzi wa nailoni. Alitaka 600, nikalipa bila kubishana. Uzito umeongezeka, lakini haziachii.

Juzi tulikuwa Menengai, kreta nyingine. Shemeji, nyuma yangu kama kawaida, aliinama akatazama nyayo zangu kwenye vumbi, akasimama.

"Shem, sogea kando," akasema. "Kuna pikipiki imetangulia."