Kiboko Hakuwepo

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya shemeji yangu, eti nilikimbizwa na kiboko bwawani Mtera: kiboko hakuwepo. Angekuwepo ningepata wa kumsingizia.

Ile mashine yangu ya boti, ya nguvu za farasi 15, ilizoea propela ya inchi 9. Maana yake ikizunguka mara moja, kwa hesabu za kitabuni, inasonga inchi 9. Mimi nikaona huo mwendo wa kizee, nikafunga ya inchi 12. Halafu, kwa kuogopa visiki, maana Mtera maji yakipungua ile miti mikavu inakuvizia chini chini, nikaipandisha mashine kwa kipande cha ubao. Mtaalamu!

Mzigo: magunia ya mahindi, shemeji, na mama mkwe. Ndiyo, mama mkwe. Ambaye hata kumtazama usoni naona soni.

Nikavuta kamba, nikafungua mafuta yote. Boti ikainua pua, mashine ikawa inaguna tu, ng'uuu, haichanganyi. Kama lori limejaa, linapanda mlima Kitonga kwa gia ya nne. Shemeji, bingwa wa kila kitu, akapaza sauti: "Wote mbele, pua ishuke!" Wakasogea. Mama mkwe naye akasogea, polepole, khanga kaikamata kwa mkono mmoja. Pua ikashuka kweli. Nyuma ikapanda, propela ikapanda nayo, ikaanza kunywa hewa. Weeee! Ule mlio nadhani kijijini Migoli waliusikia. Povu jeupe, moshi, maji yanaruka. Boti? Palepale. Kisiki kilekile mkono wa kulia, na ndege mweusi juu yake ananikagua.

Mama mkwe akageuka taratibu. "Baba, hicho kinachopiga kelele ndicho kinachotusukuma?"

(Mnaocheka, naona majina yenu.)

Bado natafuta jibu, akatupita mtoto na mtumbwi wa kasia, perege ndooni, anapiga mluzi. Akarudi nyuma. "Shikamoo mjomba. Niwavute?"

Nikamtupia kamba.

Fundi alianza kwa kuucheka ubao. Lile bapa la juu ya propela linatakiwa liwe usawa wa sehemu ya chini kabisa ya boti au chini yake kidogo, si kuning'inia juu. Ubao umetoka, inchi 9 imerudi, mashine inachanganya na mzigo wake. Mama mkwe alirudi kwa basi, njia ya juu ya bwawa.

Propela ya inchi 12 ipo, haijatumika sana. Bei maelewano.