Meno ya mjomba na mto wa swichi

Basi bana, mjomba wangu wa Tanga alikuja London kututembelea, binamu zangu wakaona zawadi ya kumpa mzee ni kumpeleka kwenye maji, maana maisha yake yote ni mvuvi, ngalawa ndo ofisi yake. Tukamwambia tunaenda Lee Valley, pale Waltham Cross kaskazini ya London, kwenye mfereji waliojenga kwa ajili ya mashindano ya mitumbwi ya Olimpiki ya 2012. Yeye kichwani alikuwa na picha ya lile ziwa la kuchimbwa la Dorney karibu na Windsor, aliliona kwenye TV wakipiga makasia, maji yametulia tuli, mita 2000 zimenyooka, unavuta kasia lako unarudi kunywa chai. Akavaa na saa.

Tulipofika akasimama juu ya daraja akaangalia chini kimyaaa. Mfereji wa zege, mita 300, kutoka juu mpaka chini unashuka mita 5 na nusu, povu tupu na kelele. Akauliza huu mto unatokea wapi? Nikamwambia hautokei popote mjomba, kuna pampu zinavuta maji ya bwawa la chini zinayapandisha la juu, yanaporomoka, yakifika chini yanapandishwa tena, lita elfu 15 kila sekunde.

"Kwa hiyo ni maji yale yale?"

Yale yale. Alicheka huyo! Akasema wazungu bwana, mto wanauwasha kwa swichi, na kuanzia hapo akawa anatudharau wote sisi na boti letu la mpira.

Kabla hujapanda wanakupima kuogelea, mzee akaogelea mpaka vijana wa pale wakampigia makofi. Wakasema tuvue saa, pete, hereni, chochote kinachoweza kudondoka. Meno hakuna aliyeyawaza, na mimi miaka yote hiyo wala sikujua kwamba yale ya juu ni ya kuvaa, nilijua mjomba kajaliwa tu.

Kilichomfurahisha kuliko vyote ni mkanda. Yaani huteremki kwenye boti, mnakaa humohumo na mkanda kama ule wa mizigo wa uwanja wa ndege unawabeba na boti lenu kutoka bwawa la chini mpaka juu. Mjomba akawa anapungia watu mkono.

Huko juu dada aliyekuwa nahodha wetu akaanza kutoa amri, mbele, nyuma, shikilieni, na mjomba naye akaanza za kwake kwa Kiswahili. Sasa ndani ya mfereji kuna matofali makubwa ya plastiki, wanayapanga na kuyapangua wakitaka mawimbi yabadilike, na nyuma ya tofali moja maji yanajikunja yanarudi yalikotoka, boti likaingia hapo likagoma. Dada anasema inameni mbele, mjomba kainuka anafoka "Joshini! Kaeni joshini nyie!", yaani tukae upande upepo unakotokea, na boti lenyewe halina hata tanga, joshi itoke wapi jamani, na mdomo kaachama wote. Wimbi likaja likampiga usoni. Mimi niliyekuwa nimegeuka kumwangalia nikaona kitu cha pinki kinapita mbele ya pua yangu kinaelekea majini, kinatabasamu.

Mjomba hakusubiri, akajirusha. Akiruka akanikamata laifujaketi, kwa hiyo tukaruka wote. Safari ya mpaka bwawa la chini sitaki hata kuielezea, nimegonga plastiki, nimekunywa maji, nimeona miguu yangu iko juu ya kichwa changu, na kila nikiibuka namsikia mzee "Meno! Meno!", wazungu pembeni wanashangilia wakidhani tunafurahi.

Tukavutwa nje. Nikamwambia pole mjomba, ndo yameshaenda hayo. Akanikazia macho.

"Thi ulithema maji ni yale yale?"

"Ndiyo mjomba."

"Thatha kama maji yanarudi, meno yathirudi kwa nini?"

Aisee. Akaenda kukaa pale mkanda unapoanzia, suti ya mpira kagoma kuvua, kila boti likishuka anawauliza watu kwa ishara, anaonyesha mdomo wake, anaonyesha maji. Mama mmoja akadhani mzee ana njaa akamletea sandwichi. Binamu mdogo anayesoma uhandisi akaja kumpa somo kwamba meno ya namna ile yanazama, yatakuwa yamenasa kwenye tofali, halafu ili kumliwaza akamwambia ujue mjomba, hapahapa ndo Tim Baillie na Etienne Stott walichukua dhahabu ya Olimpiki.

"Walikuwa na meno yao," mjomba akajibu.

Jioni wakazima pampu. Mto ukaisha bana! Kelele zikakata, zege likabaki na vidimbwi. Vijana wa pale, Mungu awabariki, wakashuka na ndoo, wakarudi na miwani ya jua, ndala moja, kofia ya mtoto, na meno.

Seti mbili.

Tukaangaliana. Mjomba akainamia ndoo, akachagua moja, akaisuuza kwa maji ya chupa, bismillah, akatia mdomoni. Akang'ata hewa kidogo.

"Haya si yangu," akasema, S zimenyooka kabisa, "ila yamekaa sawasawa kuliko yale. Sandwichi iko wapi?"