Kariakoo, Mji Mkongwe, Bagamoyo: mji ukikua nani anabaki?

Nyumba ya bibi yetu iko Kariakoo mitaa ya ndani, sio mbali na Msimbazi. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa, vyumba sita, ukumbi unapita katikati, uani kuna jiko na choo na mwarobaini mmoja, na mbele kuna kibaraza cha saruji nyekundu ambacho upande wa kulia, pale anapokaa yeye kila siku baada ya alasiri, kimelika mpaka kinang'aa. Kushoto kwetu kuna ghorofa kumi, kulia ghorofa nane. Jua linafika uani saa sita mpaka saa saba mchana basi, ukifua nguo Jumatatu unaanua Jumatano. Na kila baada ya wiki mbili tatu anakuja dalali, kijana mstaarabu tu, anavua viatu anakaa kwenye mkeka, shikamoo bibi, marahaba baba, halafu anaanza tena kuelezea ofa ya mtu wake.

Mwezi uliopita dada yetu mtoto wa mama mkubwa, ambaye ameolewa Unguja, aliandika kwenye grupu la familia kwamba sisi watu wa Dar ndo tatizo, tunauza kila kitu, angalieni wenzenu Zanzibar wameutunza mji wao, hiyo nyumba ya bibi ingekuwa Mji Mkongwe hakuna dalali angethubutu kuisogelea. Mjomba akamjibu kwa ukali kwamba historia hailipi ada, na tangu siku hiyo grupu halijatulia. Mi nimelifikiria sana hili jambo kwa sababu naona wote wawili wana hoja na wote wawili kuna mahali wanateleza, na sio suala la familia yetu peke yake, miji yote hii ya pwani tuliyopakana nayo inahangaika na swali hilohilo.

Nianze na upande wa mjomba maana una uzito kuliko watu wanavyotaka kukubali. Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541, sensa ya 2022 wakawa 5,383,728, yaani ndani ya miaka kumi mji umeongeza watu zaidi ya milioni moja na wote hao wanatakiwa wale, walale, wapate cha kufanya. Kiwanja kinacholaza familia sita kwenye nyumba ya chini, ukikipandisha juu unapata fremu za maduka chini, stoo katikati, watu huko juu. Mteja anatoka Lubumbashi au Lusaka au Moroni anashuka Kariakoo anafunga mzigo, na nyuma ya huo mzigo mmoja kuna mbeba mizigo, kuna anayeshona maroba, kuna mama ntilie, kuna dereva wa kirikuu, kuna wakala wa kusafirisha. Mjomba mwenyewe kasomesha watoto watatu kwa fremu moja ya nguo za watoto, fremu aliyoingia kwa kulipa kilemba kikubwa tu, yaani hela ya kuachiwa nafasi, kwa hiyo akisema historia hailipi ada anaongea kitu alichokiishi.

Na kuna hoja nyingine ambayo hakuisema ila iko upande wake. Kariakoo haijawahi kuwa kijiji cha asili kikaja kuvamiwa na biashara. Jina lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia waliopiga kambi pale, na wakoloni waliugawa mji vipande vitatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, sisi tukawekwa Uswahilini. Waliojenga hizi nyumba za vyumba sita wengi walikuwa wamekuja kutafuta maisha, kutoka Rufiji, Manyema, Unyamwezini, Ngazija, wakakaribishwa na Wazaramo waliokuwepo tangu mji unaitwa Mzizima. Na walijenga vyumba sita ili wapangishe, hiyo ilikuwa biashara toka siku ya kwanza. Kwa hiyo mtu akisema ghorofa limeua asili ya Kariakoo, haki ya Mungu lazima aulizwe, asili ipi unayoisema?

Jibu langu mimi ni kwamba asili sio tofali. Nikikaa na bibi pale kibarazani jioni moja tu naona mambo ambayo hakuna ofisi inayoyafanya. Muuza kahawa anapita anaacha kikombe bila kuulizwa, hela kesho. Mtoto wa jirani anapita na sare imechanika, bibi anamuita kwa jina la babu yake anamuuliza nani kampiga. Wapangaji wawili waliogombana kuhusu luku wanakuja pale pale wanasikilizwa, na wakiondoka wameelewana. Sasa ghorofa likijengwa linakula kiwanja mpaka mstari wa mwisho, chini kote fremu, hakuna sehemu unaweza kukaa bila kununua kitu, na usiku mageti ya chuma yakishushwa mtaa unakuwa kimya kama makaburini, manake waliokuwa wanalala pale wameshahamia Mbagala na Chanika na Kivule. Jirani yetu wa nyuma aliuza, akapata hela nyingi kwa mkupuo, akajenga mbali huko, na leo akija mjini kuhani msiba anapanda magari matatu. Hakudhulumiwa na mtu yeyote, alisaini mwenyewe akiwa na akili zake timamu, lakini kila nikimuona anakaa kibarazani kwa bibi mpaka magharibi inaingia ndo anakumbuka safari.

Halafu kukua kwenyewe kuwe kukua basi. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi watu wakiwa kazini, ghorofa lilianguka pale Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakafa. Sisi tulisikia kishindo tukiwa ndani. Ukijenga haraka kuliko uwezo wako wa kukagua, hayo sio maendeleo, na familia zilizozika hazihitaji kuelezwa na mchumi yeyote.

Upande wa sheria ndo kuna kitu kinaniumiza zaidi. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, yaliyokuja baadae mpaka waziri ayatangaze. Haya, Dar hii Sultani Majid ndo alianza kuijenga miaka ya 1860, Boma la Kale lenyewe pale karibu na bandari ni la kama 1866 au 1867. Kwa maneno mengine mji mzima umezaliwa umechelewa, karibu kila ukuta unaoujua Dar unasubiri saini ya mtu ndo uhesabike kuwa na thamani. Na nyumba ya Kiswahili ya udongo na miti iliyokuja kupigwa plasta baadae, nani ataiombea saini? Uzunguni kuna majengo yameshatangazwa, Uswahilini tumebaki na picha kwenye simu.

Sasa dada yetu anasema tuangalie Zanzibar. Tuangalie kweli, ni masaa mawili tu ya boti. Zanzibar wana mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe tangu 1985, na mwaka 2000 mji ukaingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Ukitaka kubadilisha mlango unaomba kibali. Na kuna ujuzi ambao bila hiyo mamlaka ungeshapotea: nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa na boriti za mikoko, ndo maana vyumba vya zamani ni virefu halafu vyembamba, upana unaamuliwa na urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa unapumua, ukiupiga plasta ya saruji unyevu unanasa ndani unaanza kuula ukuta taratibu. Fundi anayeyajua hayo ni hazina, na Zanzibar wapo mpaka leo kwa sababu kazi ipo. Hilo nawapa heshima yao yote.

Lakini hata huko mambo sio kama dada anavyoyaweka. Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, jengo ambalo kila mtu anajua ndo sura ya mji, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati na mafundi wawili wakafariki. Kuandikwa kwenye orodha ya dunia hakuzuii ukuta kuanguka. Na utalii uliokuja kuutunza mji ndo huohuo unaowapunguza wenyewe. Mwaka 2023 waliingia wageni zaidi ya 600,000, na Zanzibar nzima kwenye sensa ya 2022 ina watu 1,889,773, hesabu mwenyewe ni mgeni mmoja kwa kila wenyeji watatu kwa mwaka. Hela hiyo inalipa mishahara, inalipa mafundi chokaa, siikatai hata kidogo. Ila nilipoenda kumtembelea dada mwaka jana tulipita uchochoro ambao zamani alikuwa akiishi mama mkwe wake, nikahesabu milango, kati ya tisa mitano ilikuwa na kibao cha nyumba ya wageni. Vibaraza vipo, vimepakwa rangi vizuri, hakuna aliyekaa. Mama mkwe anaishi Ng'ambo sasa hivi. Dada mwenyewe anakaa Mwanakwerekwe, wote wawili nje ya Mji Mkongwe, na hilo kwenye grupu hakuliandika.

Kwa hiyo ukitazama kwa makini, Dar tumebomoa kuta na watu wakatawanyika, Zanzibar wametunza kuta na watu nao wakatoka. Njia mbili tofauti kabisa na mwenyeji kaishia palepale, nje ya mji.

Bagamoyo nayo ina somo lake. Watu wanapenda kusema Bagamoyo wameitunza historia, mi naona hela ndo iliwakimbia. Wajerumani walihamisha makao makuu mwaka 1891 wakaja Dar kwa sababu ufukwe wa Bagamoyo maji ni mafupi na meli kubwa haziwezi kusogea, Dar bandari ina kina na imejificha na upepo. Toka hapo mji ukakaa zaidi ya miaka mia bila mtu wa kuubomoa wala mtu wa kuukarabati, ndo maana milango ya nakshi ipo na nyuma ya mlango paa limeingia ndani. Mwaka 2013 ukasainiwa mpango wa bandari kubwa pale Mbegani na Wachina na Waomani, ikatajwa dola bilioni 10, ukaja kusimamishwa, halafu 2021 serikali ikasema mazungumzo yanarudi. Vijana wa Bagamoyo ninaowafahamu wanaitaka hiyo bandari kwa moyo wote na sitawalaumu, huwezi kumwambia mtu wa miaka 25 abaki maskini ili mimi nikija wikiendi nipige picha. Ila wamama wanaokaanga samaki pale feri wanauliza kitu kimoja kila mara, mitumbwi itaegesha wapi, na hilo swali sijaona limejibiwa kwa lugha wanayoielewa. Lamu waliliuliza mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 walioathirika na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Kesi iliendelea baadae, lakini swali lilishaingia kwenye karatasi za serikali.

Je kuna mahali mtu alikua bila kumtoa mwenyeji? Mi nina mfano mmoja ambao hauko mbali, Magomeni Kota. Nyumba za zamani zilibomolewa, watu wakakaa miaka wanahangaika na kodi huko walikotawanyika, ilikuwa mateso na siyafichi. Lakini Machi 2022 yalipozinduliwa maghorofa mapya, kaya 644 zilezile zilizokuwepo zamani ndo zilikuwa za kwanza kwenye orodha ya kurudi. Jengo ni jipya kabisa, halina hata tofali moja la kale, na bado ukipita jioni unakuta wamama wamekaa chini wanachambua mchele na wanajuana. Hilo kwangu linahesabika kama uhifadhi kuliko mlango uliopakwa vanishi.

Hata Soko la Kariakoo lenyewe ni ushahidi kwamba kipya kinaweza kuwa chetu. Beda Amuli alipolichora, likafunguliwa 1975, hakuiga nyumba ya Kiarabu wala ya Kizungu, alisimamisha miavuli mikubwa ya zege inayoleta kivuli, inapitisha hewa na inakusanya maji ya mvua. Lilipoungua Julai 10, 2021 watu wazima walilia barabarani, wanalilia jengo la zege lenye umri mdogo kuliko wao. Sasa kwa nini ghorofa zote zilizofuata zimejengwa kama vile hakuna aliyewahi kukaa nje kupunga upepo?

Mjomba na dada nimewapigia wote wawili wiki hii. Bibi tumeshamuuliza, na alichosema ni kwamba yeye hana ugomvi na ghorofa, paa linavuja na choo kimejaa, anachotaka ni asihamishwe na apate pa kukaa kuona watu. Kwa hiyo tunaelekea kwenye ubia, mjenzi ajenge, tugawane, sisi tubaki na sehemu ya juu ya kuishi na jina letu kwenye hati lisiguswe. Tumeandika sharti moja kwa mkono wa bibi mwenyewe, kwamba mbele chini kuwe na kibaraza cha wazi, upana wa mikeka miwili. Dalali alipiga hesabu palepale kwenye simu akasema kibaraza hicho kinakula fremu nzima na mtu wake hatakubali. Bibi akamwambia akamuulize kwanza. Anarudi Jumapili baada ya adhuhuri, na safari hii dada anakuja na boti ya asubuhi.