"Sisi si trafiki"

Jioni moja, kwenye barabara ya Kampala–Gulu, nilikuta matawi mabichi ya mwembe yametandazwa juu ya lami. Kila dereva wa huku anaelewa: punguza mwendo, mbele kuna ajali. Bodaboda ilikuwa imegongana na gari dogo. Askari polisi wa kawaida, wa kaki, alikuwa ameshafika, bunduki begani, kaletwa na bodaboda nyingine, anauliza dereva yuko wapi. Nyuma yake vijana wanambeba majeruhi, huyu kashika mikono, yule miguu, kichwa kinaning'inia, wanampakia kwenye pikapu. Mama muuza mihogo akamwambia, "Afande, simamisha kwanza haya malori, yatatumaliza sisi pia." Afande akajibu, wala si kwa ubaya: "Mama, sisi si trafiki."

Trafiki mwenyewe, nguo nyeupe, alikuja baada ya saa nzima na chaki na utepe wa kupimia. Pikipiki ilikuwa imeshasukumwa kando. Akapima kwa makini kabisa mahali ambapo haikuangukia.

Je, kila kuruta anayepita chuo cha polisi cha Kabalye, kule Masindi, afundishwe misingi ya kuitikia dharura na kusimamia barabara, au kazi ya barabara ibaki kwa trafiki peke yao?

Wanaotaka ibaki kwa trafiki wana hoja ya kusikilizwa, na ya kwanza ni ya mfukoni. Mwananchi akiona nguo nyeupe tayari anapapasa noti ya kitu kidogo. Ukiwapa na wa kaki madaraka hayo, kila kona itaota kizuizi. Hasira za watu juu ya faini hazihitaji kuelezwa: Juni 2025 mfumo wa kamera wa kutoza faini moja kwa moja ulisimamishwa siku chache tu baada ya kuanza, kwa kelele za madereva. Halafu kuna suala la ufundi. Kusoma alama za matairi, kukagua breki, kuchora ramani ya ajali itakayosimama mahakamani, hayo ni mambo ya fundi aliyebobea. Kuruta ana gwaride, silaha na sheria za kukariri. Ukimwongezea hili utapata askari anayejua nusunusu, naye huharibu ushahidi kwa kujiamini.

Hoja ya faini naikubali yote. Ila inahusu madaraka ya kutoza, haihusu ujuzi. Kumfundisha mtu kusimamisha lori si kumpa kitabu cha faini.

Na ajali haichagui nani afike kwanza. Oktoba 2024 lori la mafuta lilipinduka Kigogwa, barabara hii hii. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 10. Pale kitu cha kwanza ni kusogeza watu mbali na kuzuia sigara na injini, na hakihitaji cheo chochote. Kinahitaji mtu aliyekwisha kukifanya mazoezini, kwa sababu umati wenye madumu hausikii maneno ya kubahatisha.

Mwaka uliofuata, Oktoba tena, mabasi mawili na magari mengine yaligongana Kiryandongo. Polisi walitangaza vifo 63, kisha wakarekebisha kuwa 46, wakieleza kwamba huenda baadhi ya waliozirai walihesabiwa na maiti. Hapo nilisimama kusoma. Kumshika mtu shingoni, kutazama kifua kama kinapanda: somo la asubuhi moja. Katika nchi ambayo barabara ziliua zaidi ya watu 5,000 mwaka 2024, asubuhi hiyo si ghali.

Vifaa ndipo wanaotaka wote wafunzwe hukaa kimya. Ukimfundisha askari kuweka alama mita nyingi kabla ya ajali, halafu kituo hakina rifleta wala mafuta ya pikapu, umemfundisha kuona aibu tu. Hilo ni kweli, na ndiyo maana mafunzo yaanze na visivyo na bei: simama wapi, nani ahudumiwe kwanza, usiguse nini, simu ya 999 iseme nini.

Kwangu mimi mpaka uwekwe hivi: misingi ya eneo la ajali iwe ya kila askari, upimaji wa kitaalamu na faini vibaki kwa trafiki. Na "sisi si trafiki" lisihesabiwe tena kuwa jibu.

Jambo moja dogo linakera. Kusafisha barabara baada ya ajali nako ni sehemu ya kazi, na jioni ile hakuna aliyeifanya. Siku ya tatu nilipopita usiku matawi yalikuwa bado pale, yamekauka, rangi moja na lami, na bodaboda iliyokuwa mbele yangu ikayakwepa dakika ya mwisho.