Mrudishieni leprechaun nyundo yake

Kinachonikera hapa Dublin ni hivi vikofia vya kijani vyenye ndevu bandia za rangi ya chungwa, yaani ukipita Temple Bar, mtaa wa watalii, maduka yamevijaza mpaka mlangoni na ikikaribia tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ndo balaa kabisa, eti huyo ndo leprechaun. Sio yeye! Leprechaun wa hadithi za Ireland ni kiumbe wa ajabu, fundi viatu, kazee kafupi kanakokaa peke yake kanagonga viatu, dhahabu yake kaificha na ukigeuza macho tu kashapotea. Tena kuna maelezo ya karne ya 19 yanamvalisha koti jekundu, jekundu jamani, sio kijani.

Huku mjini wamemgeuza mlevi wa kuchekesha watalii, ufundi wake wameutupa, na mimi niliyekulia kwenye hadithi za majini wa Pwani inaniuma kwa sababu bibi zetu hawakuwa wanatania waliposimulia. Na sio kwamba Waayalandi wenyewe hawajali, mwaka 1999 msimulizi Eddie Lenihan alipigania mti wa miiba wa Latoon kule County Clare, unaosemwa ni wa viumbe wa ajabu wa hadithi hizo, usikatwe, na barabara kuu ikajengwa ikaupita pembeni. Sasa nchi iliyopindisha barabara kwa ajili ya mti inashindwaje kuuza japo kidoli kimoja chenye kiatu mkononi? Wekeni nyundo basi, na hilo koti lipakeni rangi nyekundu.