Damu ya baba mdogo ilishasema

Siku baba mdogo alipotolewa damu hapa Mbeya, nilisimama kwenye dirisha la maabara nikaitazama chupa yake. Ilikuwa imeshazungushwa kwenye mashine: damu nzito imetuama chini, juu yake maji ya rangi ya mafuta ya alizeti. Mtaalamu wa maabara akaniambia kipimo kinatafuta protini ndani ya maji yale, protini inayomwagwa na uvimbe wenyewe wa ini. Nyuma yangu baba mdogo amekaa kwenye benchi, tumbo limejaa maji. Tulitoka Tukuyu kwa Kosta, kaniegemea begani njia nzima.

Protini hiyo ni alfa-fetoprotini, hospitali wanaiita AFP. Ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi, na baada ya kuzaliwa hupungua mpaka mtu mzima anabaki na chembe tu. Seli za ini zikigeuka saratani, mara nyingi huirudia kazi ile ya utotoni, na protini inamwagika kwenye damu. Garri Abelev aliigundua kwa panya wenye uvimbe wa ini kule Moscow mwaka 1963. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa wagonjwa wa saratani ya ini. Baadaye zikaja protini nyingine za kupimwa: CEA ya utumbo mpana, CA-125 ya ovari na PSA ya tezi dume. Leo watafiti wanakuza seli za saratani kwenye vyombo, kisha wanachunguza maji zilimokuwa, protini moja baada ya nyingine, wakitafuta itakayotangulia dalili.

Lakini AFP hupanda pia kwa mjamzito na kwa mwenye homa ya ini, na zipo saratani za ini zisizoitoa kabisa. Kwa hiyo wanaowauzia watu wazima wenye afya "kipimo cha saratani zote" kwa tone moja la damu wananikera sana. Namba peke yake haitoshi. Lazima ujue ni ya nani.

Na hatari ya baba mdogo ilijulikana! Miaka mingi nyuma alichangia damu, akaambiwa ana homa ya ini B, virusi vinavyoweza kuleta saratani ya ini, akapewa karatasi. Akaitia kwenye bahasha ya risiti za mbolea. Hakuna aliyemwita tena. Mtu wa namna hiyo, hasa ini likishaanza kuwa na makovu, anapaswa kupigwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6, pamoja na kupimwa AFP. Uvimbe ukikutwa na sentimita mbili unaweza kukatwa. Kwa baba mdogo daktari alibaki na dawa za maumivu.

Chanjo ya homa ya ini B watoto wetu wanaipata tangu 2002. Waliozaliwa kabla ndio wanaolima leo, wengi hawakuchanjwa, na wanakula mahindi na karanga ambazo zikihifadhiwa na unyevu hupata sumukuvu, sumu ya ukungu. Sumukuvu na virusi vya B vikikutana kwenye ini moja, hatari huongezeka maradufu na zaidi.

Ninachotaka ni daftari. Rungwe, Mbozi, Makete, Mufindi, kila aliyekutwa na B aandikwe, apigiwe simu kila miezi 6, apigwe ultrasaundi wilayani kwake, na chupa ya damu ndiyo ipande gari kwenda Mbeya au Iringa ikiwa kwenye boksi la barafu.

Ile karatasi nimeikuta. Namba ya simu ya baba mdogo imeandikwa juu kabisa, kwa mwandiko safi. Hakuwahi kubadilisha laini.